Uliza Fundi: Tosta inayoshusha mkate yenyewe

SWALI: Shangazi amerudi kutoka Marekani na tosta ya zamani ya kromu, Sunbeam T-20. Haina kishikio cha kubonyeza. Naweza kuichomeka kwenye soketi za huku? Na mbona slesi wakati mwingine haishuki? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Usiichomeke kabla hujapata transfoma. Ni ya volti 120, na waya wa kupasha joto ukipewa volti 240 hula umeme mara nne. Kibao cha chini kikiwa na wati 1275, hapo unazungumzia zaidi ya wati 5000; waya utakatika, na kukatika kwake ndiyo bahati yako. Tafuta transfoma ya kushusha umeme ya wati 2000, si ile ndogo ya redio. Hertzi (mara ambazo umeme hugeuka kwa sekunde), ziwe 50 za huku au 60 za Marekani, haziisumbui tosta. (Saa ya ukutani ya Marekani inayofuata hertzi ndiyo itakayochelewa dakika 10 kila saa.)

Sasa kushuka. Tosta hii, iliyoingia sokoni mwaka 1949, haina mota. Uzito wa slesi hubonyeza wenzo unaowasha umeme. Waya wa kupasha joto ukishika moto hurefuka kidogo mno. Vyuma vilivyounganishwa nao hukuza mwendo huo, na mkate unazama taratibu. Kipande cha metali mbili, kinachojipinda kikipata joto, hupokea joto linalotoka kwenye uso wa mkate, kikitosheka kinakata umeme. Waya unapoa, unanywea, mkate unapanda. Haihesabu dakika, ndiyo maana slesi iliyotoka kwenye friji nayo hupata rangi ileile.

Kwanza hakikisha slesi ikiwa moja imewekwa kwenye tundu lake lililoandikwa. Tundu la pili halina wenzo. Kama bado, chomoa plagi. Usidanganyike na waya uliopoa, unaweza kuwa na umeme hata mkate ukiwa juu. Ipindue, fungua trei ya makombo, uyatoe kwa brashi laini bila kupuliza, maana vyombo vya miaka hiyo huweza kuwa na asbesto ndani, nyuzi zinazodhuru mapafu. Humo chini kuna skrubu ya kurekebishia. Itie alama ya kalamu pale ilipo, igeuze robo mzunguko, funga, jaribu. Ikizidi kuwa mbaya, rudi kwenye alama uende upande wa pili. Mkate ukishuka lakini ukagoma kupanda, umepitiliza. Mafuta usitie hata tone: yanaungua na kugandisha makombo.

Waya wa nje ukiwa umepasuka, mpe fundi umeme aweke wa nyuzi tatu unaostahimili joto, ule wa ardhi ukafungwe kwenye bodi.

SWALI: Tosta haikimbii popote. Kwa nini iundwe kama ndege? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ili iuzike. Baada ya uchumi wa Marekani kuanguka mwaka 1929, viwanda viliajiri wabunifu wavipe vyombo vya nyumbani sura ya treni na ndege mpya. Raymond Loewy alifika mbali zaidi: mwaka 1933 alibuni kichongeo cha penseli chenye umbo la tone la maji. Hakikutengenezwa kwa wingi, na sisi hatushangai. Henry Dreyfuss alikuwa na busara zaidi. Mashine yake ya kufyonza vumbi, Hoover 150 ya mwaka 1936, ilifunikwa kwa kofia laini ya bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani. Ila haikuwa urembo mtupu. Bati likikandamizwa kwenye kalibu, kona kali huchanika; kona ya duara hupita salama, na kitambaa huifuta kwa mkupuo mmoja.

SWALI: Kromu ya pasi yangu ina vidoa vya kutu. Nitumie waya wa kusugulia sufuria? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana, utaacha mikwaruzo ya kudumu. Kunja karatasi ya foili, ichovye kwenye maji, usugue polepole pasi ikiwa baridi na imechomolewa, kisha ukaushe. Palipobanduka kama gamba hapasuguliki. Panataka kupakwa kromu upya, na mara nyingi gharama yake hupita bei ya pasi.