Miradi Binafsi na Vyeti vya Wasanidi Programu: Maswali na Majibu

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu wasanidi programu, na karibu yote yanazunguka jambo moja: kipi kina uzito zaidi, cheti cha mtihani wa kampuni kubwa ya teknolojia, au programu ambayo mtu ameitengeneza mwenyewe kwa kuipenda, nje ya saa za kazi. Majina ya waulizaji nimeyaacha na kubakiza mahali wanapoishi.

SWALI (Dodoma): Nina stashahada ya TEHAMA na vyeti zaidi ya kumi vya kozi za mtandaoni, lakini siitwi kwenye usaili. Ni cheti gani ninachokikosa?

JIBU: Yawezekana hukosi cheti chochote, bali umechanganya vyeti vya aina mbili ambavyo mwajiri huvisoma kwa macho tofauti. Cha kwanza ni cheti cha kumaliza kozi, ambacho hutolewa kwa mtu aliyetazama masomo na kujibu maswali anayoweza kuyarudia mpaka apate. Cha pili ni cheti cha mtihani unaosimamiwa, ambapo mtahiniwa huonyesha kitambulisho, hufanya mtihani mbele ya msimamizi au kamera, na matokeo yake huweza kuhakikiwa na mtu yeyote mwenye namba ya cheti. Vyeti kumi vya aina ya kwanza havifikii kimoja cha aina ya pili, na vikirundikwa pamoja katika wasifu humfanya msomaji adhani kwamba mwombaji hana jambo jingine la kueleza.

Zipo kozi chache zinazosimama katikati. CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mfano, hutoa cheti bila malipo, lakini mwanafunzi hukipata tu baada ya kuwasilisha kazi za kila wiki na mradi wa mwisho aliouwaza mwenyewe. Kama unayo ya namna hiyo, iweke juu na ueleze mradi wenyewe, kwa maana ndio utakaoulizwa. Vilivyosalia vipunguze bila huruma.

Ni vyema pia kujua kwa nini baadhi ya waajiri hudai vyeti kwa nguvu. Kampuni inayouza huduma za wingu (kompyuta na hifadhi za kukodi mtandaoni) za Amazon au Microsoft hupandishwa daraja la ubia kwa kutimiza masharti kadhaa, na mojawapo ni idadi ya wafanyakazi wake waliofaulu mitihani husika. Vilevile nyaraka za zabuni mara nyingi huagiza wasifu na vyeti vya wataalamu watakaofanya kazi. Kwa mwajiri wa namna hiyo, cheti chako ni sehemu ya biashara yake. Kwa kampuni ndogo inayotengeneza programu yake yenyewe, cheti hichohicho huenda kisimsaidie mtu yeyote. Kwa hiyo, kabla ya kulipia mtihani, soma matangazo ya kazi unazozitaka katika mji wako na uhesabu ni mangapi yanayoutaja.

SWALI (Nairobi): Mwajiri wangu yuko tayari kunilipia mtihani mmoja. Nichague AWS Certified Solutions Architect ngazi ya Associate, au CKA ya Kubernetes?

JIBU: Mitihani hiyo miwili inapima vitu tofauti. AWS ni huduma za wingu za Amazon; Kubernetes ni mfumo wa kuendesha programu katika seva nyingi kwa pamoja, na CKA ni cheti cha msimamizi wake. Ule wa AWS una maswali 65 ya kuchagua majibu kwa dakika 130, ada yake ni dola 150, na alama ya kufaulu ni 720 katika kipimo kinachoishia 1000. Unapima kama mtu anaifahamu ramani ya huduma: ipi itumike kuhifadhi mafaili, ipi igawanye mzigo wa seva, na ipi itapunguza gharama. CKA hauna maswali ya kuchagua. Mtahiniwa huketishwa mbele ya mfumo halisi wenye hitilafu na kazi za kutekeleza, akaandika amri kwa saa mbili, huku akiruhusiwa kufungua nyaraka rasmi za Kubernetes. Alama ya kufaulu ni asilimia 66, na ada hujumuisha nafasi moja ya kurudia.

Mimi nauheshimu zaidi mtihani wa pili, kwa sababu ni vigumu kuufaulu kwa kukariri. Hata hivyo, ikiwa kampuni yenu haitumii Kubernetes, na kampuni nyingi ndogo hazina haja nayo, chukua wa AWS, kwa kuwa ujuzi usiougusa kazini huyeyuka kabla cheti hakijaisha muda. Vyote viwili vina mwisho: cha AWS hudumu miaka mitatu, na CKA iliyopatikana kuanzia Aprili 2024 hudumu miaka miwili.

Kuna jambo ambalo watahiniwa wengi wa kwetu hawalijui. Mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza anaweza kuomba AWS imwongezee dakika 30 katika mtihani wa Kiingereza. Ombi hufanywa katika akaunti ya mitihani kabla ya kuweka nafasi. Ukishalipa na kupanga tarehe, nafasi ya kuomba kwa mtihani huo imeshapita. Maswali yake ni marefu na yamejaa vishazi, na dakika hizo zimewaokoa watu wenye ujuzi wa kutosha ambao tatizo lao lilikuwa kasi ya kusoma. Na kama umeme wa mtaani kwenu si wa kutegemewa, usifanyie mtihani nyumbani. Nenda kwenye kituo.

SWALI (Mwanza): Nina miradi mingi niliyoianza na hakuna niliyoimaliza. Mingi ni ya mazoezi: programu ya hali ya hewa, orodha ya kazi za siku, duka la mtandaoni la kuigiza. Je, niionyeshe kwa waajiri?

JIBU: Usiionyeshe. Msaili aliyeona programu hamsini za orodha ya kazi za siku hatapata lolote jipya katika ya kwako, na mara nyingi atautambua mpangilio wa somo ulikotoka. Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja: je, yupo mtu mwingine, asiye wewe, ambaye atalalamika programu yako ikizimika kesho? Akiwapo mmoja tu, huo ni mradi. Asipokuwapo, ni zoezi, na mazoezi ni mema lakini hubaki daftarini.

Tuchukue mfano wa programu ya kutunza hesabu za kikundi cha akiba, kiwe VICOBA au chama cha majirani. Kwa nje inaonekana ndogo: wanachama, hisa, mikopo, marejesho. Ukianza kuijenga kwa ajili ya watu halisi, utakutana na mambo ambayo hakuna kozi itakayokulazimisha kuyakabili. Utagundua kwamba fedha hazihifadhiwi kwa namba za desimali za kawaida, kwa sababu katika lugha nyingi za programu 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili, na riba ikipigwa mara nyingi tofauti hizo hujikusanya hadi mweka hazina akaulizwa senti zimekwenda wapi. Ndiyo maana watu huhifadhi kiasi kama namba kamili ya senti. Utagundua kwamba namba ileile ya simu inaandikwa na mmoja kwa kuanza na 07, na mwingine kwa kuanza na +255, na programu yako inawaona kuwa watu wawili. Utagundua kwamba katibu akiandika mkutano ni saa mbili usiku, kompyuta inahitaji 20:00, na mwanachama aliyepokea ujumbe usiotafsiri saa hizo atafika saa nane ya usiku au hatafika kabisa.

Ukiunganisha malipo ya simu, mambo yanazidi kukomaa. Safaricom ina Daraja, jukwaa la kuunganisha programu na M-Pesa, na Africa's Talking wana huduma ya menyu za USSD, zile za kupiga nyota na reli; wote wana mazingira ya majaribio ambamo msanidi hujaribu bila kugusa fedha za mtu. Huko utajifunza kwamba taarifa ya malipo yaleyale yaweza kukufikia mara mbili, au ichelewe, au isije, na kwamba programu isiyotunza namba ya muamala itamwandikia mwanachama mchango ambao hakuutoa. Msaili akikuuliza umeshughulikiaje taarifa iliyojirudia, nawe ukaeleza kwa utulivu kwa sababu ilikutokea, mazungumzo hayo yatakufikisha mbali kuliko nembo yoyote katika wasifu.

Sasa kuhusu kumaliza. Chagua mradi mmoja, upunguze mpaka ubaki na kazi moja tu, kwa mfano kuonyesha nani hajachangia mwezi huu, kisha umkabidhi mweka hazina autumie hata kama sura yake haijapendeza. Mengine yaongezwe kwa kuombwa. Miradi hufia katika orodha ya vipengele ambavyo hakuna aliyeviomba.

Kabla ya kuiweka GitHub, tovuti ya kutunzia na kuonyesha msimbo, kagua mambo matatu. Liwepo faili la maelezo linalomwezesha mgeni kuiendesha programu bila kukupigia simu. Iwepo leseni, kama vile MIT au GPL, kwa kuwa msimbo usio na leseni unabaki chini ya hakimiliki yako yote, na wengine hawana ruhusa ya kuutumia hata kama unaonekana hadharani. Na zisiwepo nywila wala funguo za siri. Kuzifuta leo hakutoshi, kwa sababu Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo ambayo GitHub huitumia, hutunza historia yote, na aliyezitafuta atazikuta katika toleo la juzi. Ufunguo uliovuja hubadilishwa palepale. Na kwa kuwa una majina na madeni ya watu, data halisi isikaribie hazina ya umma kamwe: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na sheria hizo hazimsamehi mtu kwa sababu mradi wake ni wa kujifurahisha.

SWALI (Mombasa): Nimeajiriwa kama msanidi. Usiku ninajenga programu yangu nyumbani. Je, mwajiri anaweza kudai kuwa ni yake?

JIBU: Soma mkataba wako leo, hasa kifungu cha mali bunifu. Kwa kawaida, nchini Kenya na Tanzania pia, kazi iliyotengenezwa katika utekelezaji wa ajira huwa ya mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Kazi ya nyumbani iko nje ya hapo ilimradi haihusiani na majukumu yako, hukutumia kompyuta ya ofisi, wala akaunti ya ofisi, wala msimbo ulioandikwa ofisini. Ugomvi huanzia kwenye kompyuta: watu wana laptopu moja, ya kazini, na kila kitu kimo humo. Baadhi ya mikataba huenda mbali zaidi na kudai chochote utakachobuni ukiwa mwajiriwa. Ukikuta kifungu hicho, omba kwa maandishi mradi wako utajwe kuwa umeachwa nje, na ufanye hivyo kabla haujaanza kuingiza fedha, kwani baada ya hapo kila mtu huwa na kumbukumbu yake. Kama tayari unaingiza, mwone wakili.

SWALI (Kampala): Kuna kundi la WhatsApp linalouza maswali halisi ya mitihani pamoja na majibu. Wengi wamefaulu kwa njia hiyo. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Kila mtahiniwa hukubali masharti ya usiri kabla ya swali la kwanza, na kampuni zenye mitihani hufuta matokeo na kuwafungia wanaokiuka. Tena majibu yanayouzwa mara nyingi yana makosa. Maswali ya mfano yaliyo rasmi, yakiwemo ya AWS, yanapatikana bila malipo.

SWALI (Arusha): Nina miaka 44, nafanya kazi benki, na jioni huandika programu za kunifurahisha tu. Vijana ofisini hunicheka kwamba napoteza muda kwa kuwa sitafuti kazi nyingine wala cheti. Wana haki?

JIBU: Hawana. Mwezi Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwatangazia watumiaji wenzake wa Minix, mfumo endeshi wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, na kwamba ni wa kujiburudisha tu, hautakuwa mkubwa. Huo ndio Linux, unaoendesha simu za Android walizozishika vijana hao wanapokucheka. Guido van Rossum alianza kuandika Python, lugha ya programu, mwishoni mwa 1989 akitafuta jambo la kumshughulisha wakati wa likizo ya Krismasi. Hata hivyo nisingependa uzitumie habari hizi kama utetezi, kwa sababu zinaifanya burudani ionekane halali pale tu inapozaa kitu kikubwa. Anayefuga njiwa haulizwi faida yake. Endelea kuandika, na ukichoka kuandika peke yako, mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili kwa ajili ya kufundishia kompyuta, na wasomaji wenye matamshi ya rika na mikoa mbalimbali wanahitajika sana.

SWALI (Morogoro): Nilifeli mtihani wa AWS Cloud Practitioner kwa alama chache. Je, waajiri wataona? Na cheti nikikipata, nitalazimika kukihuisha kila mara?

JIBU: Hawataona, kinachohakikiwa ni ufaulu tu, na huna wajibu wa kutaja katika wasifu kwamba ulifeli. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 14, kwa ada kamili ya dola 100, hivyo tumia ripoti ya matokeo inayoonyesha ni maeneo gani yaliyokuangusha badala ya kusoma upya kila kitu. Ukifaulu, cheti kitadumu miaka mitatu, nawe utapewa punguzo la nusu ya ada kwa mtihani wako wa AWS unaofuata. Microsoft wana utaratibu tofauti: vyeti vyao vya ngazi ya Fundamentals havina mwisho, na vile vya ngazi ya juu yake huisha baada ya mwaka mmoja lakini huhuishwa bure kwa jaribio fupi la mtandaoni, linalofunguliwa miezi sita kabla ya cheti kuisha. Liandike katika kalenda, maana siku ya mwisho ikipita hakuna kuhuisha. Unaanza upya, kwa kulipa.