Waulize Mafundi: Feni ya AC inapuliza namba nne tu

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Toyota Corolla ya 2004, AC yake ni ya kuzungusha swichi kwa mkono. Namba moja, mbili na tatu haipulizi kabisa. Nikipeleka namba nne inavuma kama kawaida na baridi inatoka. Miezi mitano iliyopita fundi alibadilisha rezista, ikapona, sasa tatizo limerudi lilelile. Safari hii anasema tununue bloa nzima, yaani feni na mota yake. Je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Unaweza, na gesi hutaigusa hata kidogo. Kwenye AC ya gari, mpaka wa kazi za nyumbani ni huo: kila kilicho upande wa upepo na umeme mdogo kinafunguka kwa bisibisi, ila mabomba yenye gesi yanataka pampu, geji na mzani.

Namba nne inapuliza kwa sababu umeme wake haupiti kwenye rezista. Namba nyingine zote umeme hupitia humo kwanza ili upungue kabla ya kufika kwenye mota. Rezista ikikatika, hizo zinakufa na nne inabaki. Kama mota ndiyo ingekuwa imekufa, hata nne isingepuliza. Kwa hiyo kilichokatika tena ni rezista. Hata hivyo fundi wako ana sababu ya kuitazama bloa, maana rezista nzima haiungui kwa miezi mitano bila kuwepo kitu kinachoiunguza. Ukifunga nyingine bila kukitafuta, utarudi dukani tena.

Vya kukagua ni vitatu. Rezista hukaa ndani ya njia ya upepo makusudi, ili upepo wa bloa uipoze. Filta ya AC ikijaa vumbi, upepo unapungua, rezista inachemka mpaka fyuzi ndogo ya joto iliyo juu yake inayeyuka. Cha pili ni mota iliyochoka. Bushi zikikauka au majani yakijisokota kwenye gurudumu la mapezi, mota huvuta umeme mwingi kuliko kawaida na wote unapitia kwenye rezista. Cha tatu ni plagi ya waya iliyolegea. Hii husahaulika kuliko zote, na mara nyingi ndiyo inayorudisha tatizo.

Zima gari, toa ufunguo, kisha fungua waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, kwa sababu mfumo wa eabegi hubaki na chaji kwa muda. Toa vitu kwenye droo ya upande wa abiria, bana kuta zake mbili kwa ndani na uivute kuelekea kwako; kama pembeni ina kamba au kijiti cha kuizuia, kichomoe kwanza. Nyuma yake utaona kifuniko chembamba cha filta, na chini yake kasha la duara la bloa. Rezista ni kipande kidogo kilichoshikwa na skrubu mbili karibu na kasha hilo. Bonyeza kizuizi cha plagi ndipo uvute. Usivute kwa waya.

Ukiitoa, itazame kwenye mwanga. Koili iliyokatika huonekana kwa macho, ila fyuzi ya joto inaweza kufa huku sura yake ni nzima. Weka mita kwenye omu upime kati ya pini na pini: rezista nzima husoma omu chache tu, iliyokatika haisomi kitu. Kisha geuza plagi uangalie matundu yake moja moja. Plastiki ikiwa imegeuka rangi ya kahawia, au tundu limepanuka hata pini inaingia bila kukaza, plagi hiyo haifai tena. Kata plagi nzima yenye waya wake kutoka gari la mtumba, unganisha kwa kuchomelea risasi na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, waya usiwe mwembamba kuliko wa zamani. Rezista mpya kwenye plagi iliyolegea itachemka palepale kwenye maungio.

Sasa bloa. Ishushe kwa kufungua skrubu tatu na plagi yake. Weka kitambaa chini, majani ya mwarobaini na vumbi vitamwagika. Izungushe kwa kidole. Nzima huendelea kidogo yenyewe kisha inasimama taratibu bila sauti. Inayogoma, inayolia au inayotikisika kwenye ekseli imechoka, na hapo fundi wako atakuwa na haki ya kudai bloa. Kama ni majani tu, yatoe, futa mapezi kwa brashi kavu, irudishe. Usijaribu kupima umeme wake kwa mita ndogo yenye tundu la ampea 10. Kwenye kasi ya juu bloa nyingi hupita hapo na utaunguza fyuzi ya mita. Azima mita ya kubana waya.

Rezista mpya ilingane na ya zamani kwa idadi ya pini, umbo la plagi na namba iliyochapwa juu yake. Filta badilisha siku hiyohiyo, na mshale wake ufuate upande upepo unakoelekea. Baadhi ya magari hutoka kiwandani bila filta kabisa, usishangae ukikuta nafasi tupu. Usafishe pia sehemu ya majani chini ya waipa, maana ndiko bloa inakovuta hewa ya nje.

Kuna mtindo wa kuunganisha kipande cha waya badala ya fyuzi ya joto iliyokufa ili kuokoa fedha. Tunakusihi usikubali hata kwa siku moja. Fyuzi hiyo ndiyo pekee inayokata umeme koili inapowaka nyekundu, na imezungukwa na plastiki na majani makavu.

SWALI: Hamjambo wataalamu. Jiwe limetoboa kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) ya Toyota Fielder yangu. Nimenunua mpya na nataka kuifunga mwenyewe, kisha fundi aje na pampu na gesi. Kuna ubaya? Halafu fundi wa mtaani kwetu anasema geji yake ya vakyumu haivuki inchi 24, wengine wanasema lazima ifike karibu 30. Nimwamini? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hakuna ubaya, mradi fundi apachike geji kwanza athibitishe kwamba hakuna gesi iliyobaki. R134a, gesi ya AC hiyo, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia machoni inaweza kukupofusha, na kwenye ngozi inaunguza kwa baridi. Kama ipo iliyosalia, ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. Kilo moja yake hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksaidi kwa miaka 100, na ndiyo sababu gesi za jamii hii ziliwekwa kwenye marekebisho ya Mkataba wa Montreal yaliyokubaliwa Kigali mwaka 2016.

Kabla ya kufunga, chovya kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba ulilofungua. Oili ikiwa safi, endelea. Ikiwa nyeusi yenye chembe zinazometa, simama hapo, kwa sababu kompresa imeanza kujisaga na chembe hizo zitaziba kondensa mpya. Njia zake ni nyembamba mno, hazisafishiki.

Vifuniko vya plastiki vya kondensa mpya viache mpaka dakika ya mwisho. Fielder nyingi zina draya ndani ya bomba la pembeni la kondensa, nayo hunyonya unyevu wa hewa mara tu ikifunguliwa. Weka oringi mpya za R134a, zipake oili ya kompresa, siyo grisi wala oili ya injini. Hakikisha ya zamani haikubaki imeng’ang’ania kwenye mfereji wake, kwani oringi mbili zikibanwa pamoja huvuja. Ongeza takriban mililita 40 za oili kufidia iliyobaki kwenye kondensa ya zamani. Iliyorushwa nje na tundu la jiwe ni juu ya hapo, fundi aikadirie. Boliti za mabomba hazitaki nguvu. Toyota nyingi hutaka nyutonimita 5.4 tu, na alumini ikikatika nyuzi utanunua bomba.

Kuhusu geji, fundi wako yuko sahihi. Pampu huvuta hewa yote nje ya mabomba kabla ya gesi kuwekwa, na geji hupima tofauti ya mgandamizo na hewa ya nje. Mombasa, usawa wa bahari, pampu nzuri hufika karibu inchi 30 za zebaki. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwisho wake ni kama 24 na nusu. Cha kudai ni muda: pampu ifanye kazi dakika 30 au zaidi, kisha valvu zifungwe na geji ikae palepale kwa dakika 20. Ikirudi kuelekea sifuri, kuna uvujaji au unyevu, na gesi isiwekwe.

Gesi ipimwe kwa mzani kufuata stika iliyo chini ya boneti. Magari madogo mengi huchukua gramu 400 hadi 600. “Mpaka bomba lipoe” siyo kipimo. Mwishoni, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500, upande wa presha ndogo usome psi 22 hadi 36 na mkubwa karibu 200 hadi 228, siku ya joto la nyuzi 30 na kitu.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina Toyota Aqua. Fundi anataka kuongeza oili ileile anayotumia kwenye Corolla. Ni sawa? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Waalaykum salaam. Si sawa, mkatalie mapema. Kompresa ya Aqua inaendeshwa na mota ya umeme iliyo ndani yake, na oili inagusa nyaya za mota hiyo. Hutumia oili maalumu iitwayo ND-OIL 11. Oili ya aina ya PAG inayowekwa kwenye Corolla hupitisha umeme kuliko hiyo, na kiasi kidogo tu kikichanganyika kinaharibu kinga ya nyaya. Gari linaweza kuwasha taa ya hitilafu na kukataa kabisa kuwaka. Hata geji na mipira yake iwe haijatumika na PAG. Nyaya za rangi ya chungwa zinazoingia kwenye kompresa zinabeba zaidi ya volti 140, kwa hiyo filta na bloa badilisha mwenyewe, ila kompresa mpe fundi aliyesomea magari ya haibridi.