Kwa nini rova za Mirihi zilitafutiwa kilima kila baridi ilipokaribia: jibu la fundi sola wa Arusha

Wakuu, nimeona nichangie hapa kwa sababu kazi yangu ni kufunga sola, Arusha mjini na pembezoni mpaka huko Kisongo na Mererani, na habari za Spirit na Opportunity, yale magari mawili ya roboti (rova) ya NASA yaliyotumia sola huko Mirihi, nilizifuatilia tangu zikiwa hai. Mleta uzi, mwalimu wa fizikia Moshi, ameuliza kwa nini rova ya gharama kubwa namna ile ilibidi itafutiwe kilima kila majira ya baridi yalipokaribia, na kwa nini paneli hazikufanywa zigeuke zenyewe. Mchangiaji mmoja akajibu kuwa ni kuikinga na upepo. Hapana, mkuu. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki hata asilimia moja ya ule wa hii tunayovuta, upepo wake hauna nguvu ya kuangusha gari. Tena upepo uliwasaidia sana, nitaufikia. Walichokuwa wanatafuta ni pembe ya jua.

Spirit ilitua Januari 2004 ndani ya kreta ya Gusev (shimo kubwa la kimondo), takriban nyuzi 14.6 kusini mwa ikweta ya Mirihi. Opportunity ikafuata wiki tatu baadaye kwenye uwanda wa Meridiani Planum, nyuzi 2 hivi kusini. Ukilinganisha na ramani yetu, Opportunity ilikaa latitudo ya Loliondo, Spirit ikawa huko chini usawa wa Lilongwe. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua maisha yao. Mhimili wa Mirihi umeinama nyuzi 25, umepita kidogo huu wetu, kwa hiyo jua linahama kaskazini na kusini kama tunavyoliona hapa. Kibaya zaidi, baridi ya kizio cha kusini inaangukia karibu na wakati sayari iko mbali kabisa na jua, kilomita milioni 249, badala ya milioni 207 inapokuwa karibu. Mwanga unaofika wakati huo ni kama 36% tu ya unaofika duniani. Na sayari ikiwa mbali inakwenda polepole, hivyo baridi hiyo inadumu siku 178 za Mirihi wakati majira ya joto ni siku 154.

Sasa chukua kalamu. Katikati ya baridi, saa sita mchana, jua la Gusev linakuwa nyuzi 40 kaskazini ya utosi. Paneli iliyolala bapa inapata kosaini ya 40, yaani 77% ya mwanga. Gari likisimama kwenye mteremko unaotazama kaskazini kwa nyuzi 11, unapata 87%. Mteremko wa nyuzi 30 unakupa 98%. Likiinamia kusini unashuka chini hata ya ile bapa. Paneli zilifunguka mara moja baada ya kutua, zikabaki hivyo juu ya mgongo wa gari. Kuzifanya zigeuke kungehitaji mota, fremu na uzito zaidi, kwa chombo kilichopangiwa siku 90 tu za kazi. Basi ardhi yenyewe ikawa fremu. Unaliendesha gari zima mpaka paneli zitazame unakotaka.

Hesabu hii hata hapa kwetu ipo, ila watu wengi hawaijali kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Juni, saa sita mchana, jua la Arusha liko kama nyuzi 27 kaskazini ya utosi. Bati lenye mteremko wa nyuzi 15 likitazama kaskazini linapoteza kidogo sana. Bati hilohilo upande wa kusini linapokea 74%. Na mji wetu umekaa ubavu wa kusini wa Meru, viwanja vingi vinashuka kusini, nyumba zinageuzwa kufuata kiwanja, fundi anapandisha paneli upande ulio rahisi kufikika. Desemba hakuna atakayelalamika, jua lipo la kutosha. Inafika Juni na Julai, mawingu yamekaa mlimani mpaka mchana, jua limehamia kaskazini, ndipo simu zinaanza: fundi, betri imekufa. Ukienda kupima unakuta betri nzima kabisa, haijawahi tu kujaa wiki nzima. Mimi hesabu zangu zote huanzia Julai. Mwezi mbaya ukipita salama, iliyobaki itajipita. Mwalimu, wape wanafunzi paneli ndogo ya wati 10 na mita, wapime ampea mchana wa Juni paneli ikiinamia kaskazini kisha kusini. Wataielewa Gusev bila kukariri chochote.

Waendeshaji wa Spirit pale JPL, maabara ya NASA huko California, walipanga hivyohivyo kwa kuanzia wakati mbaya. Baridi ya kwanza, 2004, waliipandisha kwenye miteremko ya vilima vya Columbia Hills iliyotazama kaskazini, na hata njia waliichagua kwa kuruka kutoka kipande kimoja chenye mwelekeo mzuri hadi kingine. Baridi ya pili nusura iwaponyoke. Machi 2006 gurudumu la mbele la kulia likafa wakati Spirit ikielekea kilima cha McCool. Ikabidi iende kinyumenyume ikiburuta gurudumu, mchanga ukawa unawakatalia, jua nalo linazidi kushuka. Wakaiacha McCool wakageukia mgongo mdogo uliokuwa karibu, wakauita Low Ridge, wakapata nyuzi 11. Hazikuwa nyingi, lakini zilitosha, na gari lilikaa hapo miezi likipiga picha na kupima hewa. (Gurudumu hilohilo bovu ndilo lililochimbua mfereji mwaka 2007 na kufichua udongo wenye silika karibu 90%, dalili ya maji ya moto ya zamani. Mimi hilo naliona kati ya mambo makubwa kabisa ya safari yote.)

Baridi ya tatu walijiandaa vizuri zaidi. Dhoruba ya vumbi ya 2007 ilikuwa imechafua paneli vibaya, wakajua nyuzi 11 safari hii hazitatosha. Wakaishusha Spirit taratibu kwenye ukingo wa kaskazini wa Home Plate, mwinuko mdogo wenye juu bapa, kidogo kidogo kadiri jua lilivyoshuka, mpaka ikainama karibu nyuzi 30. Hata hivyo Novemba 2008 dhoruba nyingine ikashusha umeme wa siku nzima hadi wati-saa 89. Paneli zikiwa safi mwanzoni zilitoa kama 900. Wati-saa 89 zinawasha taa ya wati 10 kwa saa tisa hivi, basi, na humo ndimo utoe redio, kompyuta na hita.

Hita ndizo watu wanazisahau. Gari halifi kwa kukosa umeme wa kutembea, maana linaweza kusimama miezi bila hasara. Linakufa kwa ubaridi. Usiku wa Mirihi unashuka mpaka karibu nyuzi 90 chini ya sifuri au zaidi. Ndani ya boksi la vifaa kulikuwa na vidonge vinane vya plutoni (madini ya nyuklia yanayotoa joto yenyewe), kila kimoja kikitoa joto la wati 1 hivi, na jeli nyepesi sana ya kuzuia joto lisitoke. Lakini vidonge peke yake havikutosha, hita za umeme ziliongezea, hasa kulinda betri. Umeme ukipungua, hita zinanyimwa, vifaa vinaganda na kutanuka kila siku mpaka viungio vinakatika.

Ndivyo ilivyokwisha. Mwaka 2009, magharibi ya Home Plate, magurudumu yalivunja tabaka gumu la juu yakazama kwenye mchanga laini, mahali walipopaita Troy. Baadaye gurudumu la pili likafa. Januari 2010 NASA wakatangaza kuwa Spirit haitatoka tena, na jitihada zilizobaki zikawa kuiinamisha angalau kidogo kaskazini, kwa sababu ilikuwa imekaa ikiinamia kusini. Haikuwezekana vya kutosha. Mawasiliano ya mwisho yalikuwa Machi 22, 2010, na Mei 2011 wakaacha kuitafuta. Inaniuma mpaka leo, maana gari lilikuwa na kazi nyingi bado na lilikosa pembe tu.

Opportunity kwa kuwa karibu na ikweta ilipita baridi nne bila kuhangaikia mteremko. Ya tano, 2011 kwenda 2012, vumbi lilikuwa limezidi, ikaegeshwa Cape York, kwenye ukingo wa kreta ya Endeavour, kwa nyuzi kama 15 kaskazini, mahali walipopaita Greeley Haven kwa heshima ya mwanajiolojia Ronald Greeley. Hapo upepo ndipo unaposaidia: mara kadhaa ulifagia paneli za rova hizi, umeme ukapanda ghafla. Sisi tuna ndoo na kitambaa, na paneli za Kisongo wakati wa kiangazi zinavihitaji.

Yule aliyesema wangeweka tu nyuklia, ni kweli kwa Curiosity na Perseverance, rova za NASA zilizofuata. Zinatumia joto la plutoni kuzalisha takriban wati 110 usiku na mchana, hazitafuti mteremko wowote. Ila plutoni ya aina hiyo ni adimu na ghali, ndiyo maana wanaotumia jua bado wapo. Rova ya China, Zhurong, ilitua Mei 2021 kizio cha kaskazini, ikalazwa Mei 2022 baridi ilipoingia, ikatarajiwa kuamka Desemba. Haikuamka, na waliohusika wametaja vumbi juu ya paneli.