Si uvivu, ni kuchoshwa na wakubwa

Kaka, umeuliza kwa nini wafanyakazi wa Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, wanawalaumu wakubwa wao badala ya kuchapa kazi. Kazi wameichapa. Chipu za nanomita 10, kizazi kipya chenye sehemu ndogo zaidi, ziliahidiwa 2016, zikaja kutoka kwa wingi 2019. Miaka hiyo hiyo kampuni ilikuwa ikimwaga mabilioni ya dola kununua hisa zake yenyewe. Ungekuwa mhandisi pale ungejisikiaje?

Halafu manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tangu 2018 wamepita wakurugenzi wakuu Krzanich, Swan na Gelsinger, na Machi 2025 akaingia Lip-Bu Tan. Kila mmoja na dira yake, na anayelipia ni wa chini: Agosti 2024 walitangaza kupunguza watu kama 15,000. Hata kahawa ya bure ofisini ilikatwa, ikarudishwa Novemba ati kuwatia watu moyo. Kahawa, jamani!

Mimi natengeneza laptopu hapa Langoni, Lamu. Zamani mteja alikuwa akiingia anauliza "ni Core i5?", yaani chipu ya Intel, basi, bei tunaelewana. Siku hizi vijana wanataka Ryzen, chipu ya AMD, mpinzani wa Intel, wanageuza mashine kusoma kibandiko kabla hata ya kunisalimu.

Gelsinger namtetea kidogo, viwanda vya chipu alivyoanza havijengwi kwa mwaka mmoja, na bodi ilimtoa Desemba 2024 kazi ikiwa katikati. Lakini kumwambia aliyebaki akafanya kazi ya watu watatu kwamba ni mvivu, hapo umemkosea.