MWh 40 zilezile, bei tatu tofauti: kituo cha betri kiandikiwe nini kwenye zabuni?

Swali: Kampuni yetu inaandaa vipimo vya kiufundi vya kituo cha betri za lithiamu cha MW 10 kwa saa 4, karibu na bahari, Tanga. Wazabuni watatu wote wanasema wataleta MWh 40, lakini bei zao zimeachana mno. Mmoja anasema vifaa vyake "vimepasi UL 9540A". Tuanzie wapi, na tusikose kuandika nini?

Jibu: Mhandisi, bei zimeachana kwa sababu hao watatu hawauzi kitu kimoja. MWh 40 za wapi: ndani ya seli, au pale mita ya gridi itakapokaa? Na ni za siku ya kukabidhi mradi, au za mwaka wa 10? Hati isiposema, kila mzabuni atajichagulia jibu linalompunguzia gharama, na hatakuwa amevunja sharti lolote.

Anzeni kwenye mita, mrudi nyuma hadi kwenye seli. Tuseme mnataka MWh 40 zifike kwenye gridi. Njiani umeme unapotea kwenye seli zenyewe, nyaya za DC (umeme wa mkondo mnyoofu), inveta (inayogeuza DC kuwa AC, umeme wa gridi), transfoma na kebo. Chukueni kwamba inafika asilimia 94. 40 gawanya kwa 0.94 ni 42.6. Betri haikamuliwi hadi tone la mwisho. Mkiruhusiwa kutumia asilimia 95 inakuwa 44.8. Halafu kuna kuchakaa: kama dhamana ya mwaka wa 10 ni asilimia 80 ya uwezo wa awali, mnahitaji MWh 56 za seli siku ya kwanza. Asilimia hizi ni za mfano, zenu zitoke kwenye jedwali la dhamana la kila mzabuni. Ila mnaona sasa mwenye bei ya chini huenda anauza nini.

Mnaweza pia kuanza na betri chache na kuongeza kontena baada ya miaka kadhaa. Ni njia nzuri, lakini msingi wa zege, mitaro ya kebo na nafasi kwenye swichigia (kabati za swichi kuu) viandikwe tangu sasa, na kontena mpya ziwe na inveta zao. Raki mpya (kabati za moduli za betri) zikifungwa sambamba na zilizochakaa kwenye basi moja la DC, yaani upau unaokusanya umeme wa raki zote, hazigawani mzigo sawasawa.

Sehemu ambayo hati nyingi huipita juujuu ni fyuzi na sakitibreka za upande wa DC. Vituo vya sasa hufika volti 1,500. Umeme wa AC wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo tao la umeme (cheche inayoendelea kuruka hewani) hupata nafasi ya kuzimika. DC haipiti sifuri. Fyuzi ya AC ikikatika kwenye saketi hiyo, tao linaweza kuendelea kuwaka ndani yake hadi ganda lipasuke. Tena shoti kwenye raki moja inalishwa na raki nyingine zote zilizo sambamba nayo. Kwa hiyo andikeni volti za DC, kiloampia ambazo kifaa lazima kiweze kukata zikikokotolewa raki zote zikiwa zimejaa chaji, na uwiano wa L/R wa saketi (unaoonesha mkondo wa shoti hupanda kwa kasi gani). Daini pia mchoro unaoonesha fyuzi na kontakta (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zinavyogawana kazi. Fyuzi nyingi za kasi hazikati vizuri mkondo uliozidi kidogo tu, na kontakta haihimili kukata shoti kubwa. Katikati pasibaki pengo.

Kuhusu "kupasi": UL 9540A ni njia ya kupima, cheti ni UL 9540. Kipimo hicho huonesha kinachotokea seli ikilazimishwa kuungua: inatoa gesi gani, kiasi gani, na kama moto unahamia moduli au raki ya jirani. Daini ripoti nzima, na mhakikishe seli iliyopimwa ndiyo mtakayoletewa. Ripoti hiyo ndiyo inayotumika kukokotoa njia za kutolea gesi au nguvu ya mlipuko, ambazo NFPA 855, kanuni ya Marekani ya usalama wa vituo vya betri, inazidai. Kwenye kituo cha betri cha Surprise, Arizona, Marekani, Aprili 2019, kemikali ya kuzimia moto ilimwagika kama ilivyopangwa, lakini seli ziliendelea kuambukizana joto na kutoa gesi. Zimamoto walifungua mlango, na dakika chache baadaye mlipuko ukawajeruhi vibaya. Gesi haikuwa na pa kutokea. Sharti hili la njia ya gesi msilijadili bei.

Inveta: MW 10 kwa pawa fakta ya 0.9 (sehemu ya umeme inayofanya kazi halisi) ni MVA 11.1, na muitake kwa joto la nyuzi 45, maana nyingi hupunguza nguvu hewa ikiwa ya moto sana. Kwa chumvi ya Tanga, rangi ya kukinga vyuma na kutu iwe ya daraja C5 la ISO 12944. Mitambo ya kupoza itakula umeme mchana na usiku, hivyo hati iseme unatoka kwenye betri au kwenye laini ya pekee.

Kabla ya kulinganisha bei, watumieni wote watatu jedwali moja wajaze: MWh kwenye mita kila mwaka hadi wa 15, kwa mzunguko mmoja kwa siku, na fidia kwa kila MWh itakayopungua. Atakayeacha safu ya mwaka wa 10 wazi, mwondoeni.