Mwanangu Yuko Misheni Uingereza: Krismasi Atakula na Nani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, muumini wa Kanisa la Anglikana, na makao yangu ni Nakuru. Kitinda mimba wangu, ambaye ametimiza miaka 20, alijiunga na kanisa la Wamormoni alipokuwa kidato cha tatu, na mwezi Agosti alisafiri kwenda kaskazini mwa Uingereza kuhubiri kwa miaka miwili. Hii itakuwa Krismasi yake ya kwanza mbali nasi. Kaka yangu anashikilia kwamba watu hao hawaadhimishi Krismasi, na kwamba kijana hataruhusiwa hata kutupigia simu. Je, ni kweli? Hawezi kupewa likizo ya wiki mbili aje tule naye chapati? Na kama hawezi, nimtumie nini?
Mama mwenye wasiwasi, Nakuru

JIBU: Mama, shikamoo. Barua yako imenigusa kuliko nyingi ninazopokea, kwa sababu nami nilisherehekea Krismasi mbili huko huko kaskazini mwa Uingereza, nikiwa na kitambulisho cheusi cha mmisionari kifuani, mwaka 2003 na 2004.

Nianze na mjomba wa kijana. Nadhani amewachanganya Wamormoni na Mashahidi wa Yehova, ambao ndio wasioadhimisha sikukuu hii. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo ndilo jina kamili ambalo viongozi wake wamesisitiza litumike tangu mwaka 2018, huadhimisha Krismasi kwa nyimbo, kwa maigizo ya watoto waliojifunga mataulo kichwani kama wachungaji, na kwa ibada maalumu ya Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa kanisa, inayorushwa kutoka makao makuu yake Salt Lake City, Marekani, mwanzoni mwa Desemba. Kinachoweza kukushangaza wewe uliyezoea ibada ya Kianglikana ni kwamba hakuna misa ya usiku wa manane, na kwamba tarehe 25 yenyewe kanisa huwa limefungwa isipokuwa iangukie Jumapili, kwa kuwa ibada ya sikukuu hufanywa Jumapili iliyo karibu nayo.

Kuhusu likizo, jibu ni hapana. Mmisionari wa kiume hutumikia miezi 24 mfululizo, na hakuna mapumziko ya kurudi nyumbani katikati. Hafungwi kwa minyororo, maana amejitolea na anaweza kuacha na kurudi siku yoyote akiamua, lakini hakuna utaratibu wa kwenda na kurudi. Najua jibu hili ni gumu kwa mzazi, na sitalipaka asali.

Katika suala la simu, mjomba yuko nyuma ya wakati. Enzi zetu tuliruhusiwa kuzungumza na wazazi kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Akina Mama, na wiki nyingine zote tuliandika. Nakumbuka nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyumba ya muumini mmoja, nimeandika kwenye karatasi mambo kumi na mawili ya kumwambia mama, na nikamaliza simu bila kusema hata matatu, kwa sababu muda wote tulikuwa tunaulizana, “Unanisikia?” Utaratibu huo ulibadilishwa Februari 2019. Sasa mmisionari anaweza kuzungumza na wazazi wake kila wiki katika siku yake ya maandalizi, yaani siku ya kufua na kununua mahitaji, ambayo kwa kawaida ni Jumatatu, na pia katika siku maalumu kama Krismasi, hata kwa video. Wapo wanaodai kwamba ule ugumu wa zamani ulitukomaza. Mimi sioni ni ukomavu gani unaopatikana kwa kumnyima mama sauti ya mwanawe, na siutamani urudi. Jambo moja tu ulizingatie: yeye ndiye anayepaswa kupiga, kwa kuwa ratiba yake ni ya kazi. Uingereza wakati huo wa mwaka iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo akipiga saa kumi na moja jioni ya kwao, Nakuru itakuwa saa mbili usiku. Mkubaliane saa mapema ili shangazi na wajomba wasiwe wametawanyika.

Sasa nikueleze siku yenyewe itakavyokuwa, maana nadhani hilo ndilo lililo nyuma ya maswali yako yote. Mwanao hatakuwa peke yake. Wamisionari huishi na kutembea wawili wawili, na mwenza wake anaweza kuwa kijana wa Utah huko Marekani, wa Ufilipino au wa Ghana, ambaye naye anaikumbuka meza ya mama yake. (Usishtuke, mama, ukisikia wanaitana Mzee, ndicho cheo chao, hata kwa kijana asiyeota ndevu.) Siku chache kabla ya sikukuu, rais wa misheni, yaani msimamizi wa wamisionari wa eneo hilo, kwa kawaida huwakusanya kwa chakula na nyimbo. Mkesha wa Krismasi sisi tuliimba katika nyumba ya kutunzia wazee, na bibi mmoja alishika mkono wangu tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, akiniita kwa jina ambalo halikuwa langu.

Tarehe 25 ina taabu yake ambayo Mkenya haitarajii: nchi husimama. Treni hazitembei, mabasi ni nadra kama yapo, na maduka mengi hufungwa. Jua la kaskazini huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Kwetu Krismasi ni barabara zilizojaa watu waliovaa nguo mpya wakitembeleana; huko kila mtu yuko ndani na pazia limefungwa. Wamisionari wasio na gari huenda kwa miguu, au huchukuliwa na muumini aliyewaalika, na kwa kweli hualikwa: tatizo letu mwaka wa pili lilikuwa kula chakula cha Krismasi mara tatu kati ya saa sita na saa kumi na mbili, bata mzinga juu ya bata mzinga, na zile kabichi ndogo zinazotoshana na ndimu ambazo sikuwahi kuzizoea. Atavalishwa taji la karatasi, na saa tisa alasiri huenda familia ikanyamaza kusikiliza hotuba ya Mfalme, ambayo wakati wangu ilikuwa ya Malkia.

Akialikwa na jirani asiye muumini, ataletewa chai, na baada ya chakula pudini ya Krismasi iliyomwagiwa brandi na kuwashwa moto. Chai na pombe vimekatazwa na Neno la Hekima, sheria ya afya ya kanisa lao, na itambidi akatae kwa adabu. Tena mafundisho hayo yana historia katika eneo hilo hilo. Wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo kufika Uingereza walishuka Liverpool Julai 1837, wakaenda mji wa Preston, na Krismasi ya mwaka huo wawili kati yao, Heber C. Kimball na mwenzake Orson Hyde, walikutana na waumini wapatao 300 katika jengo lililokuwa limejengwa kwa ajili ya mapigano ya majogoo. Katika mkutano huo ndipo Neno la Hekima lilipofundishwa hadharani kwa mara ya kwanza nchini humo. Kimball alikuwa ameacha mke na watoto Marekani, na barua zilivuka bahari kwa meli. Nilipoambiwa kisa hicho nikiwa Preston, niliona haya kidogo kwa kulalamikia kabichi.

Upweke, kama utamjia, utamjia jioni, wakirudi chumbani gizani na kuanza kupanga kazi ya kesho yake. Kwa hiyo ukizungumza naye siku hiyo, usijifanye kwamba nyumbani hakuna sherehe, wala usilie hadi yeye ndiye akubembeleze. Mwambie mambo madogo: nani amechelewa, mbuzi aligharimu kiasi gani, nani amegombana na nani kuhusu paja la kuku. Mama yangu alinieleza kwa kirefu jinsi mvua ilivyoingia jikoni, na kwa dakika hizo nilikuwa jikoni pale.

Kuhusu zawadi, usitume nyama wala maziwa ya namna yoyote, kwa kuwa vitu hivyo haviruhusiwi kuingia Uingereza kwa posta kutoka kwetu. Zawadi yenye thamani isiyozidi pauni 39 haitozwi kodi ya mpokeaji, na kifurushi kinaweza kuchukua wiki kadhaa, basi usingoje Desemba. Ningekushauri leso moja na barua iliyoandikwa kwa mkono na kila aliye nyumbani. Chapati hazitumwi, lakini unga wa ngano na mafuta vipo katika kila duka la huko, na una Jumatatu kadhaa za kumfundisha kupitia video kabla ya sikukuu kufika. Msisitizie maji ya vuguvugu na unga upumzike nusu saa. Mimi sikuwa na wa kuniambia hivyo. Nilikanda kwa maji ya bomba ya Desemba, nikasukuma kwa chupa ya sharubati, na zikatoka ngumu kama soli ya kiatu. Mwenzangu wa Idaho, Marekani, alikula nne, akauliza kama nyumbani kwetu huwa tunazitafuna hivyo hivyo.