Anajirekebisha au anazoea?

Swali: Niliandika habari ya mwanafunzi aliyerudi masomoni baada ya kuugua muda mrefu, nikasema "anajirekebisha tena na mazingira ya shule". Mhariri amekikata kitenzi hicho. Kosa liko wapi?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi. Kujirekebisha kuna lawama ndani yake. Anayejirekebisha ni aliyekosea, akaonywa, akabadili mwenendo. Mwanafunzi huyu hakukosa lolote, aliugua tu.

Kitenzi unachokitafuta ni kuzoea. Waandishi wengi hukikwepa kwa kukiona cha kawaida mno, wakakimbilia maneno mazito ya warsha. Kuzoea hakutaki "na": mtu huzoea mazingira, hazoei na mazingira. Hiyo "na" ni ya kuzoeana, yaani watu wanapozoea wenzao: amezoeana na wanafunzi wapya. Tazama na njeo, yaani wakati unaoonyeshwa na kitenzi. "Amezoea" hutaja hali aliyo nayo sasa. Aliye bado njiani "anaanza kuzoea". Akifanya kwa makusudi, siku baada ya siku, basi anajizoeza, na kwenye shina hilohilo tumepata zoezi na mazoezi.

Tena na upya si mapacha. "Anazoea tena" hudokeza kwamba shule ni ileile, ila mazoea yalikuwa yamempotea. "Anazoea upya" humrudisha mwanzo kabisa, kwa kuwa mambo yamegeuka akiwa hayupo. Upya siku hizi hubandikwa kila mahali, hata pasipo na kipya.

Kuendana na mabadiliko ni kwenda nayo sambamba, hata kwa kinyongo. Mipango na sheria nazo huendana na wakati, lakini hatusemi zimezoea. Kukabiliana ni kusimama uso kwa uso na jambo, na unaweza kukabiliana nalo miaka mingi usilizoee. Kuhimili ni kubeba uzito bila kuvunjika. Ndiyo maana habari za tabianchi hupenda vitenzi hivi viwili: hakuna anayetaka watu wauzoee ukame. Kutohoa, yaani kulipa neno la kigeni kama "intaneti" umbo la Kiswahili, waachie wanaisimu.

Kwa habari yako ningeandika: "Anaanza kuzoea tena mazingira ya shule." Kama alikuta walimu wengine, darasa jingine na ratiba nyingine, ondoa "tena", weka "upya".